Kisanduku cha "Shule" Hakikubali Kuachwa Wazi

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu miezi miwili, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kompyuta nikaingia siasa. Hapana... ila ni kweli kwamba siku hizi nasoma sheria kuliko ninavyoandika programu. Leo nawaeleza kwa nini. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya hifadhidata msiondoke, zimo humu ndani, tena ndizo kiini cha ugomvi wenyewe.

Suala ni wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani, na sheria ya Kenya inayowaona kama hawapo. Najua wengi mkisikia "kusomea nyumbani" mnafikiria Wazungu wa Karen au familia za wamisionari. Katika kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay, ninaowajua mimi ni watu wa kawaida kabisa. Mmoja wao ni dada yangu mkubwa.

Dada anaishi nje kidogo ya Rongo. Alisomea ualimu na akafundisha miaka kadhaa. Binti yake, ambaye ana miaka 11, ana sikoseli, au selimundu kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Ukanda huu wa ziwa una ugonjwa huo kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na sababu yake ni malaria: anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, basi ikaenea kwetu vizazi na vizazi. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumia. Asubuhi ya mvua, kukimbia uwanjani, kukaa muda mrefu bila maji, chochote kati ya hivyo chaweza kuanzisha maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima angelia. Kuna muhula mtoto huyu alikosa shule siku nyingi kuliko alizohudhuria. Shule yake (siitaji jina) ikamwandika mtoro. Alipokuwa Gredi ya 3 dada akamtoa, akaanza kumfundisha mwenyewe mezani pale jikoni, siku za nafuu masaa matano, siku za maumivu nusu saa ya kusomewa hadithi kitandani.

Leo anasoma vizuri Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, anapiga hesabu za sehemu kunizidi, na juzi aliniuliza simu inajuaje iko wapi. Nilimchorea setilaiti. Akaniuliza tena, "Na mawingu je?" Mtoro gani huyo jamani!

Haya, sheria sasa. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Isomeni polepole: kinacholazimishwa pale ni elimu. Neno shule halimo katika kifungu hicho. Linaingia kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 30, kinachomtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine ambayo Waziri ataidhinisha. Asipofanya hivyo ametenda kosa, na adhabu ni faini au jela. Sheria ya zamani, ile ya 1968, ilikuwa na kichekesho chake. Ilihesabu shule kuwa ni mahali ambapo wanafunzi wasiopungua 10 wanapata mafunzo ya kawaida, na ikaongeza hata taasisi zinazofundisha kwa njia ya posta. Mzazi mwenye watoto tisa mezani hakuwa na shule. Akileta mpwa mmoja kutoka Ndhiwa, tayari anayo!

Mwaka 2019 kuna wazazi wa magharibi mwa Kenya waliokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo. Kesi hiyo ndiyo iliyofanya wengi wetu tukisome kifungu cha 30 kwa mara ya kwanza. Sisi tumepita mlango mwingine, wa Bunge, nami nitafika huko.

Kabla sijafika, niwaambie kitu ambacho mawakili hawakukiona na mimi nikakiona siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Tatizo la dada si kifungu cha 30 peke yake. Polisi hawajawahi kuja kwake. Kinachombana ni kisanduku kwenye fomu.

Kila mwanafunzi Kenya ana namba yake katika NEMIS, mfumo wa taarifa za elimu ambao wizara imekuwa ikiuhamishia kwenye mfumo mpya, KEMIS. Mzazi haingizi mtoto humo. Mwalimu mkuu ndiye anayemwingiza, kupitia akaunti ya shule, kwa namba ya cheti cha kuzaliwa. Kwa lugha yetu ya hifadhidata, jedwali la wanafunzi limefungwa kwenye jedwali la shule, na safu ya "shule" hairuhusiwi kuwa tupu. Hakuna shule, hakuna safu. Hakuna safu, hakuna mtoto. Programu haina ubaya wowote hapo. Inatii tu alivyoambiwa aliyeichora, naye aliisoma sheria ya 2013 akaitafsiri neno kwa neno.

Zamani hili halikuuma sana. Chini ya 8-4-4 mtoto aliweza kusomea popote miaka yote, mwaka wa mwisho akatafutiwa nafasi shule ya jirani, akafanya KCPE, na alama zake zikawa za siku zile chache tu. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mfumo mpya wa umilisi unahesabu tofauti. Mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, una uzito wa asilimia 60. Asilimia 20 inatoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye kazi za Gredi ya 7 na 8 ambazo walimu hutathmini shuleni na kupakia kwa KNEC. Mimi naupenda wazo hilo, ni haki kumpima mtoto kwa miaka badala ya siku tatu. Lakini angalieni linavyomfanyia binti wa dada. Hata akipata kila kitu sawa siku ya mtihani, amekosa nafasi ya kuandikiwa alama nyingine, kwa sababu hakuna akaunti ya shule iliyompakia. Ule mlango wa nyuma wa zamani umefungwa kimya kimya, bila mtu yeyote Bungeni kusimama na kusema "tunaufunga".

(Na msinifanye nicheke kuhusu usafi wa takwimu hizo. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti fedha za elimu zilizokwenda kwa shule ambazo hazipo. Shule hewa ina namba, mtoto mwenye damu na nyama Rongo hana.)

Sasa upande wa pili, kwa sababu upo na una uzito. Chifu wetu si mtu mbaya. Kila Januari machifu na manaibu wao hutumwa nyumba kwa nyumba kutafuta watoto ambao hawajaripoti shule, na kwetu wanawapata. Wavulana wako ufuoni Mbita na Muhuru Bay wakivuta nyavu, wengine wako kwenye mashimo ya dhahabu kule Macalder. Wasichana ni vijakazi wa nyumbani, au wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Homa Bay wamewahi kupata mimba; kitaifa ni asilimia 15. Na sote tunakumbuka Korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Masomo yalikuwepo redioni na kwenye televisheni, lakini katika nyumba isiyo na umeme wala mtu mzima wa kukaa na mtoto, "kusomea nyumbani" kulikuwa jina tu.

Kwa hiyo chifu alipofika kwa dada hakupiga kelele. Alikaa, akanywa chai, akasema hivi: "Mwalimu, mimi nakuamini wewe. Lakini nikimkuta binti wa kule chini saa nne asubuhi ameshika ndoo, na wako ameshika kitabu, nikakuacha wewe, kesho wote watashika kitabu mlangoni. Nitajuaje?"

Dada alinipigia jioni ile akiwa na hasira. Nilimwambia, dada, hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Alikata simu.

Lakini kweli, atajuaje? Hapo ndipo kampeni yote inasimama au inaanguka. Ukiomba Bunge liseme tu "wazazi wako huru", umempa ngao pia yule anayemtuma mtoto mgodini. Ukiacha sheria ilivyo, unawahesabu pamoja mtoto anayefundishwa na mtoto aliyepotea, na serikali yenyewe haiwezi kuwatofautisha kwenye takwimu zake. Mtoto wa Macalder na mtoto wa dada yangu ni sifuri ileile.

Nikaanza kuandika programu ndogo ya simu. Haihitaji intaneti, inatumia SQLite, inakwenda hata kwenye simu za bei rahisi. Mzazi anaingiza kila siku: somo, muda, na picha ya kazi ya mtoto. Ujanja uko kwenye kumbukumbu. Kila ingizo hubeba alama inayokokotolewa kutoka ingizo lililotangulia, kama shanga kwenye uzi. Ukirudi kubadilisha la Februari, alama zote zinazofuata hazilingani tena. Wajanja mtasema mzazi anaweza kukokotoa uzi mzima upya usiku mmoja. Sawa kabisa. Ndiyo maana kila Ijumaa alama ya mwisho inatumwa kwa meseji kwa shahidi, kwetu ni mwalimu mmoja mstaafu wa Oyugis, ambaye haoni chochote cha mtoto ila mstari wa herufi na tarakimu. Akiulizwa, analinganisha. Picha na maelezo yanabaki kwenye simu ya familia, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, nami sitaki hata kidogo kuwa na seva yenye picha za watoto wa watu.

Hiyo inathibitisha kwamba daftari halikuandikwa jana. Haithibitishi kwamba mtoto ameelewa. Kwa hilo hakuna programu, lazima mtu aje akae naye. Nilimwonyesha chifu, akaishika simu muda mrefu, akauliza kama inaweza pia kuhesabu ng'ombe.

Kufikia hapo familia nyingine zilikuwa zimesikia. Tulikutana Homa Bay mjini Jumamosi moja, watu 12, kwenye mkahawa unaouza samaki wazuri sana (hilo halihusiki, lakini ni kweli). Wengine wamekuja kwa sababu ya imani yao, wengine kwa sababu shule iko mbali, mama mmoja ana kijana mwenye usonji. Nilipendekeza tuombe Bunge lianzishe rejista. Baba mmoja kutoka Mbita akasimama: "Rejista? Yaani tuwaandikie sisi wenyewe orodha ya watu wa kukamata!"

Tulibishana karibu saa mbili. Naye ana historia upande wake. Uingereza mwaka 2009 serikali ilipotaka kuwasajili na kuwakagua wanaosomesha nyumbani, kufuatia ripoti ya Graham Badman, wazazi walipeleka malalamiko yao Bungeni kwa wingi, na mpango huo ukaondolewa kwenye mswada mwezi Aprili 2010, uchaguzi ulipokaribia. Afrika Kusini sheria imetambua kusomea nyumbani tangu 1996, lakini kwa sharti la kusajiliwa, na mabadiliko yaliyotiwa sahihi Septemba 2024 yaliwaudhi wazazi wengi kwa kuongeza masharti. Ujerumani hairuhusu kabisa, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya familia iliyonyang'anywa watoto kwa muda. Kwa hiyo hofu ya yule baba si ndoto.

Hata hivyo mimi sikubaliani naye, na nilimwambia. Mwingereza anayepinga rejista tayari yuko ndani ya sheria. Kwake elimu ya nyumbani ni halali, anachokataa ni kuangaliwa. Sisi tuko nje. Asiyekuwa kwenye orodha yoyote hawezi kudai alama za mtoto wake. Tulichokubaliana mwishoni ni tofauti ndogo ya maneno yenye maana kubwa: kutoa taarifa badala ya kuomba ruhusa. Mzazi anaijulisha Bodi ya Elimu ya Kaunti, bodi ambayo tayari imo kwenye sheria ya 2013, kwamba mtoto wake anafundishwa nyumbani. Anapewa namba, na kile kisanduku cha shule kinajazwa msimbo wa "nyumbani". Mtu wa elimu anamtembelea mtoto mara mbili kwa mwaka. Tathmini za kila gredi anazifanyia shule ya karibu, na shule hiyo inapakia alama zake. Bodi ikitaka kumrudisha mtoto shuleni, itoe sababu kwa maandishi. Na sheria yenyewe haihitaji kuandikwa upya: yale maneno "taasisi nyingine" kwenye kifungu cha 30 yafafanuliwe tu yaijumuishe nyumba iliyotoa taarifa. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu tayari inazungumzia elimu ya nyumbani, lakini sera si sheria, na mtoto wa sikoseli akiwa na nafuu haonekani kuwa na ulemavu wowote.

Yule baba wa Mbita alikubali kwa shingo upande. Alisema atatia sahihi lakini anaweka kalamu yake karibu.

Mtu akauliza kwa nini tusiende kwa gavana au bunge la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba: kaunti zina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Basi ni Nairobi.

Ombi kwa Bunge ni haki ya kila mtu chini ya Ibara ya 119, na utaratibu wake uko kwenye sheria ya mwaka 2012. Niliisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya kiunganishi cha programu ngeni, na nawaambia ni kali kuliko kompyuta yoyote. Liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. (Tumeandika kwa Kiswahili! Mwalimu wa Oyugis alinisahihisha ngeli mara nne.) Lugha iwe ya heshima. Lisiwe na maneno yaliyofutwa au kuchomekwa juu ya mstari. Liseme kama tumejaribu kwanza ofisi inayohusika na kama tulijibiwa vizuri. Sisi tulijaribu: ofisi moja ya elimu ilituambia tulete barua kutoka kwa mwalimu mkuu wa mtoto! Liseme kama jambo liko mahakamani. Limalizike kwa ombi lililo wazi. Na sahihi au alama za vidole, pamoja na namba za vitambulisho, ziwekwe moja kwa moja kwenye karatasi za ombi, zisibandikwe. Kwa hiyo ule ukurasa wangu mzuri wa kukusanya sahihi mtandaoni, niliokuwa nimeuchora tayari kichwani, hauna kazi. Viambatisho navyo haviruhusiwi, kwa hiyo programu yangu na michoro ya majedwali inabaki nyumbani mpaka kamati ituite, kama itatuita. Ombi likishasomwa, kamati ina siku 60 kujibu.

Nami, mtu anayelipwa kuondoa karatasi duniani, nimekuwa nikipanda boda boda Jumamosi na bahasha ya plastiki kifuani na wino wa vidole mfukoni. Rongo tumemaliza. Awendo tumemaliza isipokuwa familia moja iliyosafiri. Rodi Kopany bibi mmoja anayelea wajukuu wawili aliweka kidole gumba, akakiangalia, akaweka kingine pembeni "cha akiba", ikabidi tuanze karatasi mpya kwa sababu ya ile kanuni ya usafi.

Zimebaki Kehancha na kisiwa cha Mfangano. Jumamosi ijayo nachukua boti kutoka Mbita. Walio Mfangano au Rusinga na wanafundisha watoto nyumbani, njooni na kitambulisho halisi, picha yake kwenye simu haitoshi, na tafadhali msiandike chochote pembezoni mwa karatasi.